Imeili ya bure: ugumu wa kuhama hauko kwenye barua, uko kwenye anwani

Februari 2024 ilizunguka mitandaoni skrinishoti moja imeandikwa kama barua rasmi ya Google, inasema Gmail inafungwa tarehe 1 Agosti mwaka uleule na baada ya hapo hakuna kutuma wala kupokea kitu. Watu wakapaniki kweli, wengine wakaanza kuulizana wakimbilie wapi, mpaka Google wenyewe wakajitokeza kusema Gmail ipo na haiendi popote. Kilichokuwa kinaondolewa ni ule muonekano wa zamani mwepesi, uliokuwa unafunguka hata pale mtandao unaposuasua, basi, hakuna kingine. Oktoba 2025 ikaja nyingine: pasiwedi milioni 183 za Gmail zimevuja! Nayo ukiichimba unakuta Gmail haikuvunjwa. Ni mkusanyiko wa pasiwedi zilizoibwa kidogokidogo na virusi kwenye kompyuta za watu, za tovuti za kila aina, ukaingizwa kwenye ile tovuti ya Have I Been Pwned ambako mtu anaweza kuangalia kama imeili yake imo kwenye data zilizovuja.

Kila habari ya namna hii ikipita, chini yake utamkuta mtaalamu mmoja anaandika "hameni Gmail, njooni Proton", yaani ile imeili ya Uswisi inayosifika kwa usiri. Ushauri huo una ukweli ndani yake ila umeachwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowatesa watu.

Tuanze na imeili yenyewe ni kitu gani, maana wengi tunaichukulia kama kitu kimoja wakati ni vitu vitatu vimefungwa pamoja. Kuna anwani, yaani lile jina lako pamoja na kile kinachokuja baada ya alama ya @. Kuna hifadhi, ile sava, yaani kompyuta ya kampuni ambayo barua zako zinakaa, iwe Marekani, Uswisi au kwingineko. Halafu kuna apu unayosomea, ile unayoibonyeza kwenye simu. Apu unaweza kubadilisha leo jioni na usipoteze kitu, unaweza kusoma Gmail ndani ya apu ya Outlook au Thunderbird na maisha yakaendelea. Barua zilizohifadhiwa nazo zinahamishika, Google wana huduma inaitwa Takeout, unaomba nakala ya kila kitu wanakuandalia faili unapakua. Kwa hiyo wale wanaosema "nikihama nitapoteza imeili zangu za miaka kumi" wanaogopa kitu ambacho hakipo. Kisichohamishika ni anwani. Ile @gmail.com ni mali ya Google, ile @yahoo.com ni mali ya Yahoo, wewe umepewa kuitumia tu.

Fikiria namba ya simu. Zamani ukichoshwa na mtandao wako wa simu ulikuwa na mawili, uvumilie au ununue laini mpya uanze kuwatumia meseji ndugu na jamaa wote "namba yangu mpya hii". Halafu ikaja huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, Kenya mwaka 2011 na Tanzania 2017, ukawa unaondoka na namba yako unaenda nayo unakotaka. Sasa imeili za bure bado ziko kwenye ile enzi ya kwanza. Hakuna sheria wala mtambo wa kukuwezesha kuondoka Google na jina lako la @gmail.com ukalipeleke Proton. Ukihama kutoka imeili moja ya bure kwenda nyingine ya bure, umenunua laini mpya tu, na siku ukitaka kuhama tena utarudia kazi ileile upya.

Hilo liwekeni kichwani, tutalirudia huko chini. Kwanza tuone hiyo bure ina masharti gani.

Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 wengi walidhani ni utani wa siku ya wajinga, kwa sababu walikuwa wanatoa GB 1 wakati Hotmail walikuwa wanatoa MB 2 na Yahoo MB 4. Yaani ilikuwa ukipokea picha mbili tatu Hotmail inajaa. Hela ya kuendesha yote hayo ilitoka kwenye matangazo, na kwa miaka mingi kompyuta za Google zilikuwa zinapitia maneno ya barua zako ili zijue tangazo gani likufae. Walitangaza kuliacha hilo mwaka 2017. Sasa mtu akikwambia leo "Google wanasoma imeili zako wakuuzie matangazo" anakupa habari ya zamani, ila pia asikudanganye mtu kwamba mashine hazigusi kabisa, lazima zipitie ili zichuje spamu na virusi na zikuletee vile vipendekezo vya kujibu haraka. Tofauti ni kwamba hakuna mtu amekaa ofisini California anasoma barua yako kwa shemeji yako.

Mimi naona linaloumiza watu wetu zaidi siyo usiri, ni hifadhi. Ile GB 15 ya bure unayopewa na Google siyo ya Gmail peke yake, inagawana na Drive na picha. Tangu Juni 2021 kila picha mpya unayopakia Google Photos inahesabiwa humo. Na kuanzia mwaka 2024 bekapu za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zikaanza kuhesabiwa, wakati kabla ya hapo zilikuwa hazigusi kitu. Sasa hebu chukua kijana mwenye grupu la ukoo, grupu la mchango wa harusi, grupu la wahitimu wa mwaka fulani na grupu la mpira, kila siku video zinamiminika, usiku simu ikishika waifai inazibeba zote kuzipeleka kwenye bekapu. Ikijaa, Gmail inaacha kupokea. Barua ikija inarudishwa ilikotoka, na wewe hujui kitu, unaona tu inboksi imetulia. Umeomba kazi kwenye sehemu kumi, moja kati ya hizo wamekuita kwenye usaili kwa imeili, imeili imegonga mwamba kwa sababu ya video za Ijumaa njema, na utaishia kusema kazi zinatolewa kwa kujuana.

Dawa yake haihitaji kuhama popote. Ingia kwenye setingi za WhatsApp, sehemu ya bekapu ya chati, utoe tiki kwenye video. Halafu ingia Gmail kwenye sehemu ya kutafutia uandike larger:10M, itakuletea barua zote nzito ufute zile usizohitaji. Usisahau kumwaga na takataka, maana zikiwa kwenye takataka bado zinahesabiwa mpaka siku 30 ziishe.

Shida ya pili ni kufungiwa nje. Hapa kwetu akaunti nyingi za Gmail hazikufunguliwa na mwenyewe. Umenunua simu, muuzaji anakwambia "ngoja nikuwekee Play Store", anafungua akaunti hapohapo kaunta, pasiwedi kaweka anayoijua yeye, namba ya kurejesha akaunti kaweka yake au hakuweka kabisa. Simu inafanya kazi miaka miwili, siku ikiibiwa ndiyo unagundua hujui hata anwani yako ilikuwa inaandikwaje. Wengine wamefunguliwa steshenari wakati wa kuomba mkopo wa chuo au kazi serikalini, pasiwedi imeandikwa kwenye karatasi iliyobaki palepale. Na kuna hili la laini: namba ukiiacha bila kuitumia muda mrefu kampuni ya simu inaifunga na baadaye inamuuzia mtu mwingine, halafu ndiyo namba uliyoiweka kwenye imeili yako kama njia ya kurejesha. Msimbo utatumwa kwa mtu usiyemjua. Akaunti ya bure haina kaunta ya huduma kwa wateja wala namba ya kupiga ukaongea na mtu, ukishindwa kujibu maswali ya mashine basi umetoka.

Lingine ni kulala muda mrefu. Google walitangaza Mei 2023 kwamba akaunti binafsi isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa, na kuanzia Desemba mwaka huo wakaanza kufuta. Microsoft nao ni miaka miwili, Yahoo ni miezi 12. Sasa wanaokimbilia kwingine wakidhani huko hakuna mambo haya wasikilize vizuri: Proton akaunti ya bure isiyotumika miezi 12 inaweza kuondolewa, na Tuta ya Ujerumani ni miezi sita tu. Ni mali ya bure, mwenye nayo hana sababu ya kukutunzia milele.

Haya, hao mbadala ni akina nani? Proton wako Geneva, walianza mwaka 2014, waanzilishi wake walikutana kule CERN kwenye kituo cha utafiti wa fizikia. Tuta, zamani ikiitwa Tutanota, wako Hannover. Hawa wawili ndio wanaojulikana kwa kufunga barua kwa namna ambayo hata wao wenyewe hawawezi kuzisoma zikiwa kwenye sava zao. Fastmail ni Waaustralia, wapo tangu 1999, hawana bure, unalipa wanakuhudumia. Posteo wa Berlin wanachaji euro 1 kwa mwezi. Zoho ni Wahindi, wanapendwa sana na ofisi ndogondogo.

Uongo mkubwa uliopo hapa ni kwamba ukiwa Proton basi barua zako zote zimefungwa kwa kufuli. Siyo zote. Proton akimwandikia Proton mwenzake, sawa, imefungwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ila ukiwa Proton ukamwandikia mtu wa Gmail, kule kwake inafika ya kawaida na nakala inakaa Google kama ingekaa ungetumia Gmail mwenyewe. Na wewe hebu hesabu watu unaowasiliana nao, wangapi hawapo Gmail? Kuna njia ya kumtumia mtu wa nje barua yenye pasiwedi, lakini nitajie mtu mmoja unayemfahamu atakayekubali kuingiza pasiwedi ili asome invoisi. Halafu kichwa cha barua kwa Proton hakifungwi kwa namna hiyo, Tuta ndio wanafunga na kichwa.

Na usiri siyo kinga dhidi ya sheria. Mwaka 2021 Proton walilazimishwa na mamlaka za Uswisi kurekodi na kutoa anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha mtu ameingia mtandaoni kupitia wapi, ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa. Yaliyomo kwenye barua hawakuyatoa kwa sababu hawawezi kuyafungua, lakini IP ilitosha. Watu waliwashambulia sana, mimi naona walifanya ambacho kampuni yoyote inayotii sheria za nchi yake ingefanya, tatizo lilikuwa ni wateja kuamini kitu ambacho hakiwezekani.

Tena mbadala nao wanakufa. Skiff ilikuwa imeili ya usiri iliyosifiwa sana, Februari 2024 ikanunuliwa na kampuni ya Notion na hapohapo wakatangaza inafungwa, watumiaji wakapewa miezi kadhaa wafungashe mizigo. Wale waliokuwa wamehama Gmail kwenda Skiff wakajikuta wanahama tena, wanazunguka tena benki, tena Facebook, tena kila mahali kubadilisha anwani. Isipokuwa kundi moja la watu: waliokuwa wanatumia domeni zao wenyewe.

Hapo sasa ndipo ilipo ile nusu ya ushauri iliyoachwa. Domeni ni jina unalolisajili kwa jina lako na kulilipia kila mwaka, iwe .com au .co.tz ya Tanzania, au .co.ke ya Kenya. Ya .com kwa kawaida inacheza kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka, inategemea umenunua kwa nani. Ukiwa nayo, imeili yako inaishia na jina lako badala ya jina la Google. Ndani ya mipangilio ya domeni kuna mstari mmoja unaitwa MX, kazi yake ni kuiambia dunia "barua za domeni hii zipelekwe kwenye sava ile pale". Leo unaandika Fastmail, mwakani ukichoka unafuta unaandika Proton au Zoho au hata Google hawahawa kwa malipo, na ndani ya saa chache, ikichelewa sana siku moja au mbili, barua zinaanza kwenda makazi mapya. Anwani haijabadilika hata herufi moja, mteja wako hajui kama umehama. Ndiyo ile kuhama mtandao bila kubadili namba.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la kumuuliza mtoa huduma ni kama anapokea domeni yako, na kwa bei gani. Proton wanapokea ila kwenye vifurushi vya kulipia. Posteo, pamoja na uzuri wao wote na hiyo euro moja, hawapokei. Zoho wamekuwa na mpango wa bure kwa timu ya watu hadi watano, japo haupatikani kila eneo.

Ila domeni nayo ina mitego, na mtego mkubwa kwetu ni fundi wa tovuti. Unafungua duka la spea au hoteli ndogo, unamtafuta kijana akutengenezee tovuti na imeili za kampuni, anakwambia laki tatu kila kitu ndani. Kila kitu kweli kiko ndani, ndani ya akaunti yake. Domeni imesajiliwa kwa jina lake, imeili iliyotumika kusajili ni yake, wewe una pasiwedi ya inboksi tu. Mkikosana, au akipata kazi akahamia Dubai, au akasahau tu kulipia mwaka ujao, imeili za kampuni nzima zinazima siku moja. Na wewe ukimfuata msajili, yaani kampuni iliyouza hiyo domeni, anakuuliza "wewe nani?" Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho mwambie akae na wewe mfungue ukurasa wa msajili, uone kwa macho yako jina la mmiliki ni lako, imeili ya mawasiliano ni yako, na isiwe ileile ya domeni hiyohiyo maana ikizima hutapokea hata taarifa ya kwamba imezima. Hapo weka Gmail yako, hakuna ubaya.

Mtego mwingine ni kuiacha domeni iishe muda. Ikiisha ikarudi sokoni, mtu yeyote anaweza kuinunua, na akiinunua anapokea kila barua inayokuja kwako, pamoja na zile linki za kubadilisha pasiwedi ya benki na Instagramu. Weka ijilipe yenyewe, au lipia miaka kadhaa kwa mpigo.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakitaka kujiwekea sava yao wenyewe nyumbani au kwenye kompyuta ya kukodi. Kama unapenda kujifunza, jifunze. Kwa kazi inayokuletea ugali, achana nayo, barua zako zitaishia kwenye spamu za watu na utatumia wikendi zako kuwabembeleza Google na Microsoft wakuamini.

Sasa nani ahame? Mwanafunzi au mtu anayetumia imeili kuingilia apu tu, abaki alipo, aweke namba ya kurejesha iliyo hai, awashe uthibitisho wa hatua mbili, apunguze hizo video, imetosha. Mwenye biashara iliyobandika @gmail.com kwenye bango na kwenye risiti, huyo anahitaji domeni kuliko anavyohitaji Proton. Mwandishi wa habari au mtu wa haki za binadamu, huyo ndiye Proton na Tuta zinamfaa kwelikweli, mradi anaowaandikia nao wapo huko.

Ukiamua kuhama usihame kwa siku moja. Fungua imeili mpya, halafu kule kwa zamani weka kufowadi, yaani barua zinazoingia zijitume zenyewe kwenye anwani mpya, na hii kwa Gmail huioni kwenye apu ya simu, lazima uingie kwa kompyuta au ufungue brauza ya simu ukachague muonekano wa kompyuta, kisha setingi, sehemu ya usambazaji. Yahoo kwa wasiolipia waliondoa kufowadi Januari 2021, kwa hiyo huko itabidi uwe unachungulia mwenyewe. Baada ya hapo anza kubadilisha anwani kwenye zile sehemu ambazo ukizikosa utalia: benki, mifumo ya serikali na kodi, chuo, kazini, halafu mitandao ya kijamii. Duka la mtandaoni ulilonunua viatu mara moja linaweza kusubiri mpaka litakapokutumia tangazo lenyewe.

Na ile ya zamani usiifute. Google hawampi mtu mwingine jina la Gmail lililofutwa, lakini siyo kampuni zote zina utaratibu huo. Mwaka 2013 Yahoo waliamua kugawa upya majina yaliyolala, waliopewa wakaanza kupokea barua za wenye majina wa mwanzo, zikiwemo za akaunti zao na mambo yao binafsi. Iache iwepo, ingia angalau mara moja kila baada ya miezi michache usome kitu hata kimoja, na kila utakapokuta barua imeingia humo kutoka sehemu ya maana, ujue hapo bado hujabadilisha.